Ukuta wa Kibla

Siku walinzi walipowafurusha wanafunzi wale chini ya ngazi za maktaba, Fundi Bomba alikuwa amelala chali chini ya sinki, ukuta wa pili tu, ameuma uzi wa kufungia viungio vya mabomba. Alisikia kabla ya kuona. Alisikia takbira, kisha akasikia buti. Buti ina lugha yake: ikitembea husema hivi, ikitua kwenye mbavu za mtu husema vingine, na yeye alikuwa ametumikia chuo kile kiasi cha kuijua lugha hiyo kama mtu anavyokijua kikohozi cha baba yake.

Alitoka na spana yake kubwa mkononi. Mikeka ilishatupwa kwenye tope. Mvulana mmoja alikuwa ameegemea ukuta, anatema damu kiganjani na kuipekua kwa kidole kama mtu anayechambua mchele, akitafuta jino lake. Mwingine alikuwa bado kwenye sijida, mlinzi amemkanyaga kisogo, paji la uso limegandamizwa kwenye saruji, na midomo inacheza vilevile. Huyo ndiye waliyemwita Kipaza. Mwili wake haukuwa na kitu, mrefu mwembamba kama ufito, lakini Mungu alimtia koo la fahali. Akiadhini hahitaji umeme. Ndiye alikuwa akiwasalisha.

Msichana mmoja wa mwaka wa mwisho wa uuguzi, ambaye wenzake walimwita Muuguzi hata kabla hajafuzu, alimshukia mlinzi yule na mkoba wa vitabu. Mkoba ulitua sikioni. Buti ikatoka kisogoni, na papo hapo mlinzi wa pili akamchapa Muuguzi rungu la bega hadi akapiga goti.

"Inatosha," Fundi akasema.

Mkubwa wa walinzi aligeuka. Walimwita Sajenti, ingawa jeshi alilionea dirishani. Alikuwa ndugu wa tumbo moja wa marehemu mke wa Fundi. Zamani alikuwa fundi muashi, tena mzuri, mpaka chuo kilipompa sare na filimbi.

"Shemeji, usiingilie kazi za watu," akasema. "Ni amri."

"Amri ya nani?"

"Unamjua."

"Mtaje."

 Sajenti aliwaangalia vijana wake, akapuliza filimbi kama mwamuzi wa mpira, wakaondoka. Yule mvulana alilipata jino lake. Tangu siku hiyo akaitwa Pengo, na mwenyewe akacheka, akasema kwa sauti inayovuja upepo kwamba afadhali jina kuliko jino.

Aliyetoa amri alikuwa mkuu wa chuo, na chuo kizima, kuanzia wapishi hadi maprofesa, kilimwita Utaratibu. Ukimwomba likizo, kuna utaratibu. Ukimwomba balbu, kuna utaratibu. Wanafunzi Waislamu, ambao hawakufika hata thelathini katika chuo cha maelfu, walikuwa wamemwomba chumba cha kusalia tangu wengine wao hawajaota ndevu. Aliwaambia kuna utaratibu. Wakasali ukumbini, wakafukuzwa. Wakasali nyuma ya jiko, wakamwagiwa maji ya vyombo. Wakahamia chini ya ngazi, na sasa hayo ya buti.

Fundi Bomba hakuwa mtu wa sala. Alikuwa nayo zamani, akaiacha siku aliyomzika mkewe, kama mtu anavyoshusha mzigo njiani akaona hana haja ya kurudi kuuchukua.

Mkewe alikuwa dobi wa chuo. Alifanya kazi katika chumba cha kufulia, jengo la matofali lililojitenga nyuma ya mabweni, lenye boila kubwa la kuchemshia maji. Vali ya kutolea mvuke ilikuwa imeganda. Mke akamwambia mume, mume akaiona kwa macho yake, akaenda kwa Utaratibu kofia mkononi kuomba boila lizimwe mpaka ipatikane vali nyingine. Utaratibu alikuwa anatarajia wageni na vitambaa vya meza vilikuwa havijafuliwa. Kuna utaratibu, akasema. Boila likapasuka. Fundi alipofika, ngozi ya mkewe ilikuwa inatoka pamoja na nguo. Gari la chuo lilikuwa limeegeshwa kivulini, limeoshwa, dereva yumo, lakini dereva hakuwa na ruhusa ya kuliondoa na mwenye kutoa ruhusa alikuwa kikaoni. Wakamlaza mama wa watu kwenye toroli la mashuka, wakamsukuma wenyewe. Hakufika getini. Chuo kikasema ni ajali ya kazini, kikapiga kufuli, na basi.

Ufunguo wa kufuli hilo ulibaki kwa Fundi, kwa sababu mabomba ya mabweni yote yalipita humo. Alikuwa ameapa jambo moja tu. Chumba kile kisianguke kabla mtu hajajibu. Na habari za kukiangusha zilishaanza kuvuma. Utaratibu alitaka hapo pawe pa kuegesha magari ya wakubwa. Matofali yale yakishakuwa kifusi, ni nani tena atakayeuliza habari za dobi?

Kwa hiyo, jioni ile ya buti, alimkuta Kipaza bombani na wenzake, anaosha mchanga kwenye kidonda cha paji la uso, akawaambia, "Nifuateni."

Aliwafungulia. Ndani kulinuka kutu na sabuni iliyooza. Boila lilikuwa bado pale, limepasuka tumbo, na ukutani kulikuwa na alama nyeupe mahali mvuke ulipoichuna rangi. Kipaza alisimama mlangoni viatu mkononi.

"Fundi, hapa si ndipo..."

"Ndipo."

"Na wewe umeridhia?"

"Mimi sijaridhia kitu tangu siku ile. Ingieni."

Walifanya kazi kama siafu. Boila walilikata kwa msumeno wa chuma na kulitoa vipande vipande. Muuguzi, bega limevimba, alisugua sakafu kwa magoti na kuwatukana wavulana kila walipopitisha viatu vyenye tope. Kibla kiliangukia ukuta wa nyuma, ukuta kipofu usio na dirisha, unaotazamana na vichaka. Mlango ulikuwa upande wa pili. Chumba chenyewe kilikuwa kifupi, na mtu akisalisha, kichwa chake kwenye sijida kinabaki shibiri moja na ukuta.

Kisha wakaanza kubishana, maana wasomi hawawezi kula wala kufa bila kubishana.

"Huu si msikiti," Pengo akasema. "Msikiti lazima uwe wakfu. Nani ametoa wakfu hapa? Ardhi ni ya chuo. Sisi tuna musalla tu, mahali pa kusalia, tena pa kuiba."

"Wewe tia jino kwanza ndiyo utoe fatwa," Muuguzi akamjibu.

"Swali lake ni la haki," Kipaza akasema. "Mwenye mali ndiye hutoa wakfu. Tuseme mwenyewe ni nani?"

Fundi alikuwa anafunga mabomba ya kutilia udhu nje ya mlango. Hakugeuka. "Mwenyewe ni mke wangu," akasema. "Alishakilipia."

 Alasiri ya siku kazi ilipokwisha Kipaza aliadhini kizingitini, sauti ikapita juu ya mabweni, juu ya ofisi, na wapishi wakatoka jikoni na miko mikononi kuangalia ni nini. Huko ofisini dirisha lilifunguliwa, likafungwa.

Maji yalikatwa kabla wiki haijaisha. Fundi akayarudisha. Yakakatwa tena, akayarudisha kwa njia nyingine, akayapitisha chini ya bustani ya Utaratibu mwenyewe. Mara ya tatu walimngoja. Alikuwa shimoni, nusu mwili chini ya ardhi, alipoona buti nane zimemzunguka. Walimvuta kwa ukosi. Rungu la kwanza lilimpata shingoni, la pili kwenye figo, na baada ya hapo akaacha kuhesabu. Alimuuma mmoja mkono mpaka akasikia chumvi. Alipata kumrushia mwingine tope la macho. Lakini mtu mmoja wa makamo na vijana wanne wanaolipwa kwa kupiga, hiyo si vita, ni kazi ya kutwanga. Walimwacha kifudifudi kwenye maji ya bomba lake mwenyewe.

Sajenti alikuwa amesimama kando muda wote, mikono nyuma.

"Shemeji, ondoka hapa chuoni," akamwambia wengine walipokwisha kwenda. "Nakuomba. Ukuta ule utavunjwa. Ameshasema."

Fundi alitema tope. "Dada yako alikunywesha uji mama yenu alipokufa. Alikubeba mgongoni mpaka uti wake ukapinda."

"Nina watoto."

"Na yeye alikuwa na mume."

Sajenti akavaa kofia yake na kuondoka. Muuguzi ndiye aliyekuja kumfunga mbavu Fundi, akimkaza kitambaa mpaka akaona nyota. "Usijikaze kiume," akamwambia. "Ukiumia piga kelele. Hapa wote tumeshapigwa, hakuna wa kukucheka."

Basi Utaratibu akaja mwenyewe. Alikuja na suti, akasimama mbali na mlango kana kwamba sala inaambukiza. Aliwaambia wanafunzi kwamba chumba kile ni hatari kwa usalama, kwamba paliwahi kutokea ajali, kwamba yeye ana uchungu nao kama mzazi, na kwamba kesho yake alasiri, watake wasitake, jengo litaanza kuvunjwa. Aliposema neno ajali, Kipaza alimshika Fundi mkono. Kama asingemshika, hadithi hii ingeishia hapo.

Waliketi sakafuni. Kuondoka hawakutaka. Kupigana nao hawakujua. Wengi wao maisha yao yote hawajampiga hata mbu kwa hasira.

"Wakija tuko kwenye sala watatukanyaga kama siku ile," Pengo akasema.

"Tusali sala ya hofu," Kipaza akasema.

Wengine walimtazama. Akawaeleza, ingawa wengi walijua kwa kusikia. Watu wakiwa na adui, hugawanyika makundi mawili. Kundi moja linasali na imamu, kundi la pili linasimama na silaha kulinda. La kwanza likimaliza, linatoka kulinda, na waliolinda wanaingia kusali. Hakuna anayekosa sala na hakuna anayeachwa bila mlinzi.

"Hiyo ni ya vitani," mmoja akadakia. "Na adui awe adui kweli. Sajenti ni Muislamu."

"Muislamu wa mazishi," Muuguzi akasema. "Msikitini anaingia kubeba jeneza tu. Rungu lake halijaniuliza dini."

Wakacheka, na kicheko kikakata shauri. Fundi akaulizwa atakuwa kundi gani. Akasema yeye hasali, lakini mlango anaujua. Wakamweka mbele ya waliolinda, na wote waliolinda wakawekwa mlangoni, kwa sababu adui huingia kwa mlango. Ukuta wa nyuma hakuna aliyeuwazia. Ulikuwa kibla. Mtu huupa kibla uso, haupi ulinzi.

Kesho yake alasiri Kipaza aliadhini kama kawaida, na adhana haijatulia masikioni, walinzi wakatokea kwenye kona ya bweni. Kundi la kwanza likaingia ndani, Kipaza mbele, Muuguzi na wasichana wawili safu ya mwisho. Kundi la pili likajipanga nje na miguu ya viti, fito za mifagio, mfuniko wa sufuria ulioazimwa jikoni. Ndani takbira ikapigwa.

 Rungu la kwanza lilimvunja kijana mmoja mkono wa fagio pamoja na mkono wake mwenyewe. Fundi akaizungusha spana chini chini, akampata aliyepiga kwenye goti, na goti likaenda upande ambao goti haliendi. Wa pili alimrukia. Wakaanguka pamoja kwenye mabomba ya udhu, bomba likang'oka, maji yakaruka juu kama ya kuzima moto. Sasa ikawa vita ya tope. Watu walipigana wakiteleza, wakashikana mashati, wakang'atana, wakaangukiana. Mfuniko wa sufuria ulilia kama kengele kila rungu lilipoushukia. Mwanafunzi wa hisabati, mtoto wa watu mwenye miwani, alikuwa amemkalia mlinzi kifuani anampiga kwa kiatu huku analia na kumwomba radhi. Fundi alipigwa usoni, jicho moja likajaa damu, akabaki na la pili, na kwa hilo la pili akahesabu sura za walinzi, akaona iliyokosekana.

Sajenti hakuwapo.

Ndipo akausikia mshindo. Haukutoka mlangoni. Ulitoka nyuma, mzito, nyundo ya kuvunjia mawe juu ya tofali. Mshindo mwingine. Ndani Kipaza alikuwa ametoa takbira ya kushuka sijida, ile sauti ya fahali, na mshindo wa tatu ukaikata. Matofali yakaporomoka. Akasikia yakiporomoka ndani, juu ya kitu laini.

Fundi alizunguka jengo akikimbia, mbavu zinamchoma kama misumari. Sajenti alikuwa vichakani peke yake, nyundo begani, anaangalia tundu alilolitoboa. Kutoka ndani ya tundu vumbi jekundu lilikuwa linatoka taratibu kama moshi. Alikuwa ameona kitu humo ndani. Uso ulikuwa umemshuka.

Fundi hakumpa nafasi ya kusema. Spana ya kwanza aliishusha kwenye mkono wa kulia ulioshika nyundo, na mfupa ukalia kama ukuni mkavu. Ya pili begani. Ya tatu mbavuni, Sajenti akakaa chini, na Fundi akamsukumia kisigino kifuani akamlaza. Alipiga paja, akapiga mkono uleule tena. Alikuwa anapiga kama anavyogonga bomba lenye kutu, bila hasira ya usoni, kazi tu. Akainua spana kwa mikono miwili, juu ya kichwa.

"Maliza," Sajenti akasema.

Alikuwa na kidevu cha dada yake. Siku zote alikuwa nacho, lakini sare na kamba ya kofia vilikificha. Sasa kofia ilikuwa imeanguka, na kidevu kile kilikuwa kinatetemeka kama kilivyotetemeka kwenye toroli la mashuka.

"Hukujua kuna watu?" Fundi akauliza. Spana ilikuwa bado juu.

"Aliniambia chumba kitupu. Aliniambia wote watakuwa mlangoni wanapigana, toboa nyuma, katapila litamalizia. Na kweli niliwaona mlangoni." Akakohoa. "Nani anasali huku anapigwa, shemeji? Nani?"

"Ulisikia adhana."

"Nilisikia."

"Na ukuta huu hukujua ni kibla?"

Sajenti akafumba macho. Mtu anayesali angejua vichwa viko ukuta gani. "Nilikwepa mlango," akasema. "Nilijua wewe uko mlangoni. Sikutaka kukuona."

Kwenye tundu ikasikika takbira nyingine. Haikuwa ya Kipaza. Ilikuwa nyembamba, inavuja upepo. Pengo alikuwa amesogea mbele, kwenye matofali na damu, akaichukua sala mahali ilipokatikia, si kwa ushujaa, bali kwa sababu hakujua jambo lingine la kufanya. Fundi akasikiliza mpaka salamu. Kisha akaishusha spana ubavuni, akaondoka kwenda ofisini.

Mlango wa Utaratibu aliuvunja kwa pigo moja. Kiti kilikuwa kinazunguka bado. Chai ilikuwa inafuka. Dirishani aliliona gari la chuo likitoka getini mbio, halina ruhusa ya mtu wala nini, Utaratibu kiti cha nyuma ameinamisha kichwa. Fundi alivunja kile kiti, akavunja meza, akavunja kikombe na chai yake. Hakukuwa na kitu kingine cha kuvunja. Wakubwa hawapigani, hupiganisha. Vumbi likitimka wao wameshapanda gari.

Na gari lilikuwa linahitajika. Muuguzi alikuwa ameukata ushungi wake vipande kumfunga Kipaza kichwa, na kila kitambaa kilikuwa chekundu kabla hajafunga fundo. Wakang'oa mlango wa chumba cha kufulia, wakamlaza juu yake, wakambeba kukimbilia hospitali, wanafunzi upande huu na, Mungu shahidi, walinzi wawili upande ule, maana walikuwa wamemwona na marungu yakawatoka mikononi. Fundi alishika pembe ya mlango karibu na kichwa. Njia ilikuwa ileile ya toroli. Safari hii walivuka geti. Hospitalini walifika naye akipumua, na humo akamaliza pumzi zake asubuhi iliyofuata, kabla wazazi wake hawajateremka garini.

Polisi walikuja, wakamkuta kila mtu ana damu, wakasema ni ugomvi. Chuo kikasema ni ajali. Fundi alilisikia tena neno hilo. Alikwenda bombani kuosha uso, na maji yakachukua muda mrefu kuwa meupe.

Lakini jeneza la mtoto wa watu si toroli la mashuka. Watu walikuja kutoka mtaani, kutoka sokoni, kutoka gereji, wenye misikiti yao na wasio na msikiti, wakajaza uwanja wa chuo mpaka nje ya geti. Wapishi waliacha masufuria. Maprofesa wakavua viatu kwa aibu. Kipaza alisaliwa mbele ya tundu lile, na Pengo ndiye aliyesalisha. Baada ya mazishi watu hawakuondoka. Walikaa. Waliketi barazani kwa Utaratibu, aliyekuwa amesharudi, kwenye bustani yake, juu ya maegesho yake, kimya, wakilitazama dirisha lake. Kimya kile kilimtisha kuliko rungu. Akatoka akasema chumba ni cha wanafunzi. Utaratibu, akasema, umekamilika.

Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hakuna aliyetuambia anayelisikia huvunjika nini. Sajenti alilisikia, akavunjika mkono, akavuliwa sare, akawekwa rumande, akatolewa bila kuambiwa kwa nini aliingia wala kwa nini anatoka. Siku moja Fundi alimkuta amesimama vichakani, mkono wa kulia kwenye plasta, wa kushoto ameshika mwiko wa uashi.

"Nimekuja kuziba," akasema.

"Kwa mkono mmoja?"

"Nitaziba."

Fundi alimtazama akihangaika na tofali, likimdondoka, akiliokota. Alimwacha ahangaike sana. Kisha akaenda akachanganya saruji, akairudisha kwa karai, akaanza kumshikia tofali mahali pake huku yule akipaka kwa mkono wa kushoto.  Wakati mmoja tu Sajenti alisema kwamba tundu likizibwa sawasawa na ukuta litaonekana kiraka, afadhali walitokeze nje kwa duara, liwe kama kikombe. Ndivyo walivyofanya. Ukiingia leo ndani utaona mahali pa imamu pameingia ukutani, pana umbo zuri, na wageni husifu mihrabu bila kujua imetobolewa na nini.

Siku ya kufungua, Utaratibu alikuja na gari lilelile, limeoshwa, na utepe, na mkasi juu ya mto mdogo. Alikuwa na hotuba ya namna chuo kilivyojali vijana. Alasiri ilikuwa inaingia. Pengo akaadhini kwa pengo lake. Utaratibu akasogea mlangoni, akamkuta Fundi Bomba amesimama katikati, spana mkononi, na kwenye meno ya spana kuna weusi ambao haukuwa grisi.

"Nipishe, Fundi."

"Kuna utaratibu," Fundi akasema.

 Utaratibu akajaribu kutabasamu.

"Tulikuwa tunasali sala ya hofu," Fundi akaendelea polepole. "Kundi la kwanza lilimaliza. Sisi tuliolinda hatujasali ile alasiri mpaka leo. Tunaanza sisi. Wewe utangoja hapo juani, na mkasi wako."

Utaratibu aliitazama spana, akamtazama Fundi jicho lake moja lililofunikwa na ukungu tangu siku ile, akarudi nyuma hatua. Alirudi kwa woga, si kwa heshima. Fundi alilijua hilo, na lilimtosha.

Wale wa mlangoni wakaingia mmoja mmoja, mwenye mkono ulioungwa vibaya, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Muuguzi akampitia Fundi, akamwambia, "Na wewe. Zamu yako." Fundi akatazama huku na huku. Kulinda lazima abaki mtu. Sajenti alikuwa amekaa kwenye mabomba ya udhu, mbali kidogo na watu, plasta imechafuka.

Fundi akamwendea, akampa spana.

"Shika mlango. Akisogea, mpige."

Sajenti aliipokea, akaipima uzito. "Kwa mkono upi, shemeji?"

"Wa kushoto. Wa kulia nilishauvunja."

Akavua viatu, akatia udhu kwa bomba alilolifunga mwenyewe, akaingia.